Mwisho Mwema Hauji Wenyewe

Mimi ni mkunga. Nafanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya serikali jijini Mwanza, na nikitoka zamu naandika riwaya ya mapenzi. Wanaosikia habari hiyo kwa mara ya kwanza huniuliza maswali mawili. La kwanza ni la muda: naupata wapi? La pili huja baada ya kimya kidogo, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema: kwa nini mapenzi? Wewe unayeona yote hayo usiku kucha, kwa nini usiandike kitu cha maana, kama vifo vya wajawazito, ukatili wa majumbani au umaskini?

Swali la muda lina jibu fupi, nami nitalitoa. Swali la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Naamini riwaya ya mapenzi inayoisha vizuri ni kitu cha maana sawa na kitabu chochote kinachofundishwa darasani. Naamini pia kwamba kuiandika ni kazi ngumu, na kwamba wanawake wenye kazi za kuchosha wanaihitaji kuliko tunavyokubali kusema.

Kati ya zamu na zamu

Zamu zetu ni tatu: asubuhi, jioni na usiku. Ratiba hubandikwa ukutani mwanzoni mwa mwezi, lakini wingi wa kazi haupangwi na mtu. Kuna usiku ambao leba ina mama mmoja tu, anatembea taratibu kwenye korido akishika kiuno. Kuna usiku ambao vitanda vyote vimejaa na mwingine anashushwa getini kwenye bajaji akiwa tayari anasukuma. Kwa kila mama aliyeshikwa na uchungu hasa, mkunga husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, huweka mkono tumboni na kuhesabu uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika kumi, hupima njia kila baada ya saa nne, na kila alichokiona hukiandika kwenye karatasi iitwayo patografu. Mtoto akitoka, kuna sindano ya kuzuia damu, kuna kondo la nyuma, kuna kumkausha mtoto na kumlaza kifuani kwa mama yake. Kisha glavu zinavuliwa, mikono inanawiwa, na mwingine anaita.

Ukitoka kwenye kazi hiyo asubuhi, ukakabidhi ripoti kwa wenzako na kupanda daladala, huna nguvu ya kuandika kurasa kumi. Mimi sina. Nina robo ukurasa, na siku ikiwa njema, nusu. Naandika kwa kalamu kwenye kaunta buku ya kwaya mbili niliyoijalidi kwa gazeti. Siku za mapumziko naamka kabla ya watu wa nyumbani, nabandika chai, naandika mpaka mtu wa kwanza aniite.

Mbinu yangu ni moja. Kila ninapofunga daftari, naandika chini ya ukurasa swali ambalo sina jibu lake. Kabula, msichana wa riwaya yangu, atajuaje kwamba mpenzi wake Masanja ameitwa ofisini? Baba mkwe atakataa kwa maneno gani? Naingia zamu nikiwa na swali hilo. Siligusi nikiwa na mama kitandani, maana pale akili yote ni ya mama na mtoto. Lakini kazi yetu ina kutembea kwingi: kwenda stoo ya dawa, kupeleka chupa za damu maabara, kufuata shuka safi jengo la pili. Katika mwendo huo jibu huja, na nikifika kwenye daladala nalirekodi kwa sauti kwenye simu kabla halijapotea.

Nguvu yangu naipata pia kwa waliotangulia. Grace Ogot wa Kenya alisomea uuguzi na ukunga Uganda na Uingereza, akaifanya kazi hiyo, na mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ikachapishwa Nairobi. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto aliyewahudumia yatima wenye virusi vya Ukimwi. Riwaya yake The River and the Source ilitoka mwaka 1994 na kushinda Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza, kwa upande wa Afrika. Wengi hukisifu kitabu hicho kwa jinsi kinavyofuata vizazi vya wanawake wa ukoo mmoja. Mimi kilinishika mapema zaidi, pale chifu Owuor Kembo anapokataa kuoa mke wa pili juu ya mkewe Akoko, ingawa mama yake mzazi anamshinikiza. Pale nilisimamisha kusoma nikarudia ukurasa. Ndani ya historia ndefu ya ukoo, daktari mwenye wagonjwa wanaomsubiri alikuwa ametenga nafasi kwa mwanamume anayempenda mke wake na kuulipia upendo huo.

Kisiwa kimoja, miisho miwili

Kutoka Mwanza, ukipanda meli ya kwenda Nansio utafika Ukerewe. Kisiwa hicho kimetupa waandishi wawili ambao, kwangu mimi, vitabu vyao vinabeba mjadala mzima wa namna tunavyoandika mapenzi kwa Kiswahili.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, ikazua gumzo, na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Rosa analelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye barua tu ya mvulana inatosha kumfanya aanze kupiga. Binti akitoka chini ya macho ya baba, hana alichofundishwa cha kujilinda nacho. Wanaume wanamchezea, na anapompata anayetaka kumwoa, yaliyopita yanamfuata, anakataliwa, anajiua. Nilikisoma nikiwa sekondari na sikulala. Sina ugomvi na Kezilahabi. Alikuwa akiwashtaki wazazi na walimu, na shtaka lake lilihitaji kilio kikubwa kama kile.

Ugomvi wangu ni na desturi iliyofuata. Katika hadithi nyingi za magazetini nilizokua nikizisoma, msichana anayependa ndiye anayelipa. Anapata mimba, anafukuzwa nyumbani, anaambukizwa, anakufa, na aya ya mwisho inatoa funzo. Mwanamume aliyeshirikiana naye kila hatua anatoweka katikati ya hadithi, na hakuna anayemuuliza alikokwenda. Msomaji wa miaka kumi na sita akisoma hadithi kama hizo mfululizo, anajifunza kwamba kupenda ni kosa lenye adhabu. Nawaona wasichana wa umri huo wodini. Funzo hilo halijawakinga na lolote. Limewafanya tu waone aibu kuuliza maswali.

Sasa mtazame mwandishi wa pili. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu kuhusu mume na mke, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wawili hao wanapendana lakini hawajapata mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga Bugonoka mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Wengi wangemshauri Myombekere atafute mwingine. Yeye anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anaihangaikia faini hiyo, anampata mke wake, kisha wawili hao wanatafuta tiba pamoja. Hatimaye wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali.

Kitabu hicho husifiwa kama hazina ya mila za Wakerewe, na ni kweli. Humo mna kilimo, uvuvi, dawa, heshima za ukweni. Lakini toa mila zote, utabaki na mtu anayekataa kumwacha mke wake wakati kila mmoja anamtazama awe wa kwanza kuchoka. Hiyo ni riwaya ya mapenzi, mojawapo ya kubwa zaidi tulizonazo. Kitereza hakupata mchapishaji wa Kikerewe, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981.

Yeye na mkewe, Anna, walipoteza watoto wao. Huwa nakumbuka jambo hilo kila ninaposikia kwamba mwisho mwema ni wa watu wasiojua maisha. Aliyempa Bugonoka mtoto mikononi aliijua nyumba isiyo na sauti ya mtoto. Aliijua kuliko wengi wetu, na bado akauchagua mwisho ule.

Kabula na Masanja

Riwaya yangu inaanzia Busisi, upande wa Sengerema, katika miaka ya mwisho ya kivuko. Aliyesafiri kwenda Geita au Bukoba kabla ya mwaka 2025 anapakumbuka: foleni ya malori na mabasi, wachuuzi wakikimbilia madirishani na mayai ya kuchemsha, mahindi na samaki wa kukaanga, na kivuko kikionekana ng'ambo ya Kigongo bila dalili ya kuondoka. Kuvuka kwenyewe hakukuchukua muda mrefu. Kusubiri ndiko kulikokula siku. Sisi wa wodi ya wazazi tulikuwa na sababu yetu ya kukifikiria kivuko kile, kwa sababu mama aliyepewa rufaa kutoka ng'ambo, hata gari lake likipewa nafasi ya mbele, lilisubiri kivuko kirudi.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa takriban kilomita tatu, na gari linavuka kwa dakika chache. Kama mkunga, nalishukuru. Kama mwandishi wa mapenzi, namtazama pia anayebaki ukingoni. Kabula anakaanga samaki Busisi. Masanja hushusha mlango wa kivuko na kuwapanga madereva. Wamependana kwa vipande, katika dakika zile ambazo magari yanashuka na mengine kupanda, yeye akiwa juu ya bati la kivuko na Kabula nyuma ya karai. Kisha nguzo za daraja zinaanza kuota majini, na kila nguzo inapunguza siku za kivuko. Kivuko kikisimama, Kabula atakosa wateja, Masanja atakosa kazi, na wote wawili watakosa sababu ya kuonana. Baba yake Kabula, ambaye tangu mwanzo alitaka ng'ombe wa mahari wengi kuliko mshahara wa mtu wa kivuko unavyoweza kununua, anaona Mungu amemjibu.

Hapo naomba nieleze kidogo jinsi riwaya za aina hii zinavyojengwa, kwa sababu wengi huzisoma bila kuambiwa. Masharti yake makubwa ni mawili. Mapenzi yawe ndiyo shina la kitabu, na mambo mengine yote yawe matawi. Na mwisho uwaache wapendanao pamoja, au angalau kwenye njia ya kuwa pamoja, kwa tumaini ambalo msomaji analiamini. Sharti la pili ndilo linalowafanya watu wazidharau: kama najua watapatana, nisome ya nini? Lakini hapo ndipo ugumu wote ulipo. Mwandishi wa hadithi ya upelelezi anakushika kwa kukuficha mwisho. Mimi siwezi kukuficha. Ni lazima nikushike kwa namna watakavyofika, nikuonyeshe kizuizi cha kweli, kisichotatuliwa kwa kueleweshana dakika tano wala kwa mjomba tajiri anayetokea sura ya mwisho. Wapendanao wasipobadilika, wasipotoa kitu chenye thamani, msomaji atafika mwisho akiwa hajaamini, na kitabu kimekufa.

Swali la mama

Mama yangu aliuza dagaa sokoni Kirumba miaka mingi. Macho yake siku hizi hayamruhusu kusoma, kwa hiyo namsomea. Ndiye mhariri wangu wa kwanza na ndiye mkali kuliko wote.

Jioni moja nilimsomea sura ambayo Masanja anamweleza Kabula yaliyo moyoni, kwa maneno marefu na matamu. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, huyu kijana kafanya nini?"

"Amemwambia anampenda, mama."

"Hilo nimesikia. Nimekuuliza kafanya nini."

Tangu siku hiyo hakuna sura inayobaki kwenye daftari langu bila kupita kwenye swali hilo. Masanja sasa hasemi maneno yale. Ameona kwamba upepo wa ziwa unalipiga jiko la Kabula kutoka upande mmoja, moto unalala, samaki wanachelewa, wateja wanarudi kwenye mabasi mikono mitupu. Siku yake ya mapumziko anafika Busisi alfajiri, anasimamisha fito na kufunga turubai kukinga upepo, anaondoka bila kumwambia mtu. Kabula anapofika haulizi nani. Anatazama fundo la kamba, fundo la mtu wa majini, anawasha moto. Wiki nzima hawazungumzii jambo hilo. Lakini samaki wa Masanja, tangu siku hiyo, ndiye wa kwanza kutoka kwenye karai.

Nilipomsomea mama sura hiyo mpya, alisema, "Huyo sasa aoe."

Kisha nikamuuliza baba alimposaje yeye. Sikupata neno hata moja la mapenzi. Alinisimulia habari za mzani. Wakati ule, anasema, walanguzi walikuwa na mizani iliyopunja, na msichana mgeni sokoni hakuwa na pa kusemea. Baba, ambaye kibanda chake kilikuwa jirani, alikuwa akimwazima mzani wake kila asubuhi bila kudai chochote, na mtu akilalamika anamjibu kwamba mzani ni wake na anampa anayetaka. Mama alisimulia hayo akitazama ungo, kwa sauti ileile anayotumia kutaja bei ya dagaa, na nikaelewa kwamba hii ndiyo lugha ya mapenzi niliyolelewa nayo. Ni lugha ya watu wanaofanya kazi, wanaojua siku ya mwenzao ina uzito gani na wanachukua upande mmoja wa mzigo. Nikitaka kuandika mapenzi ya watu wetu, ni lazima niijue kazi yao kwa undani: namna kaa la moto linavyowekwa, fundo linavyofungwa, mzani unavyosomwa. Kazi yangu ya uuguzi imenisaidia zaidi hapo kuliko kitabu chochote cha uandishi, kwa kuwa imenizoeza kutazama mikono ya watu.

Ninachokichukua wodini na nisichokigusa

Wenzangu huniuliza, wengine kwa wasiwasi, kama siku moja watamkuta mgonjwa wetu kitabuni. Jibu ni hapana, na sitaki ibaki shaka. Anayekuja kujifungua anatukabidhi mwili wake, historia yake na mara nyingine siri ambayo hata mumewe haijui. Sisi tuliapa kuzitunza siri hizo. Sichukui jina, kijiji, ugonjwa wala tukio ambalo mwenyewe akilisoma atajitambua. Hadithi ya mtu ni mali yake, hata kama mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale ilipotokea.

Ninachochukua ni tabia za watu wengi, zilizoonekana mara nyingi mpaka hazina mwenyewe. Katika hospitali zetu nyingi wanaume hawaingii leba, kwa sababu kitanda na kitanda vinatenganishwa na pazia tu na kila mama anahitaji stara. Wanakaa nje kwenye mabenchi. Nikitoka na habari kwamba mama amejifungua salama, wapo wanaouliza kwanza, "Mtoto gani?" Na wapo wanaouliza kwanza, "Mama yake yukoje?" Siwahukumu wa swali la kwanza, furaha huongea bila kupanga. Lakini Masanja wangu ni wa swali la pili, na msomaji anapaswa kulijua hilo kabla ya ndoa, kabla ya mtoto, kutokana na maswali anayouliza juu ya mambo madogo.

Nimeona pia mama wakwe waliolala sakafuni juu ya kanga ili mkwe asiamke peke yake. Nimeona wanaume wakifua nguo za damu kwenye bomba la nyuma ya wodi, kimya, wakiinamisha vichwa watu wakipita, na hawaachi kufua. Nimeona wachumba walioleta uji wa moto kwenye chupa ya chai kutoka mbali, wakakuta muda wa kuona wagonjwa umepita, wakaomba tu uji ufike. Mambo haya hayajawahi kuniishia. Anayesema hakuna mapenzi siku hizi, aje akae kwenye benchi letu usiku mmoja.

Wasomaji wako wapi

Biashara ya riwaya za mapenzi duniani ni kubwa na ya siku nyingi. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 na baadaye ikajulikana kwa riwaya za mapenzi peke yake, zikiwemo za madaktari na wauguzi. Nimezisoma kadhaa kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba. Muuguzi wa humo huonekana macho ya daktari yanapomwona. Mimi namtaka anayeonekana tangu ukurasa wa kwanza, akiwa kazini kwake, akiifanya vizuri.

Karibu nasi zaidi kuna mfano wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, ambako tangu miaka ya 1980 wanawake wamekuwa wakiandika kwa Kihausa vitabu vyembamba vya mapenzi, wakavichapisha kwa fedha zao na kuviuza sokoni. Mmoja wa waandishi hao, Balaraba Ramat Yakubu, mwenyewe aliozwa akiwa mtoto, na vitabu vyake vinauliza kwa uwazi mambo ya ndoa za kulazimishwa na mitala. Mwaka 2007 baadhi ya vitabu vya aina hiyo vilichomwa moto hadharani mjini Kano. Waandishi hawakuacha. Soko la namna hiyo, lililojengwa na wanawake kwa lugha yao wenyewe, ndilo ninalolitamani kwetu.

Tanzania nayo ina msingi. Kizazi kilichotutangulia kilifuatilia hadithi za Eric Shigongo toleo baada ya toleo kwenye magazeti ya Uwazi, Ijumaa na Risasi. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, imesomwa na maelfu ya wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na mapenzi ya Yasmin na Denge yakafika kwenye filamu ya Amil Shivji mwaka 2021. Leo hadithi zinasomwa kwenye simu. Mwandishi anatuma sehemu za mwanzo bure kwenye kundi la WhatsApp, na anayetaka zilizobaki analipa kwa simu. Wanaolipa ni wauguzi, walimu, mafundi cherehani, wauza mitumba, walinzi wa usiku. Ni shilingi chache kwa mtu mmoja, lakini zinatoka mfukoni mwa mtu ambaye angeweza kununulia vocha, na akachagua hadithi.

Dada mmoja tunayepokezana naye zamu ni msomaji wa namna hiyo. Nilimuuliza kwa nini hasomi vitabu vya huzuni vinavyosifiwa. Akanijibu, "Mdogo wangu, huzuni nimeipangiwa zamu. Nikisoma, nataka nione watu wakivuka."

Nimemfikiria sana dada yule. Hakuwa anakimbia ukweli. Hakuna aliye karibu na ukweli kuliko mkunga wa zamu ya usiku. Alikuwa akidai upande wa pili wa ukweli, ule ambao huandikwa mara chache: kwamba mara nyingi watu huvuka, na kuna namna walivyovuka inayostahili kuelezwa.

Kazi ya mwisho mwema

Patografu niliyoitaja mwanzoni ina historia inayonigusa. Umbo lake tunalolijua lilitokana na kazi ya madaktari Philpott na Castle, iliyochapishwa mwaka 1972, wakiwa katika mji ambao sasa ni Harare. Walitaka mkunga aliye mbali na hospitali kubwa aweze kujua mapema ni mama yupi anahitaji kupelekwa mbele. Karatasi hiyo ilikuwa na mistari miwili iliyopanda kwa mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua. Uchungu ukivuka mstari wa kwanza, mkunga anafumbua macho. Ukivuka wa pili, hasubiri tena.

Mama anapotoka wodini akiwa amembeba mtoto, watu husema Mungu mkubwa, nami nasema hivyohivyo. Lakini najua pia kulikuwa na mtu aliyesikiliza moyo ule mdogo kila nusu saa mpaka alfajiri, aliyeandika namba bila kuruka, aliyepiga simu kwa daktari kwa wakati. Mwisho mwema ulitengenezwa kidogo kidogo na watu waliokuwa macho. Riwaya ya mapenzi hupata mwisho wake kwa njia hiyohiyo, kwa kila sura ambayo mwandishi hakulala, na huwezi kuubandika kwa gundi kwenye ukurasa wa mwisho. Zipo pia zamu ambazo hazikuisha vizuri, licha ya kila mtu kufanya lililopasa. Siku hizo nikifika nyumbani sigusi daftari. Nikirudi kwalo, sipunguzi tumaini la Kabula. Naongeza uzito wa kizuizi chake, ili atakapokivuka, anayejua uzito wa mambo aamini.

Milango ya waandishi imeanza kufunguka. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imekuwa ikitolewa tangu mwaka 2023. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imewafikisha waandishi wapya kwa wachapishaji. Ombi langu kwa wahariri na waamuzi ni wasiiweke kando riwaya kwa sababu tu wapendanao wamebaki hai na wako pamoja. Waipime kwa ukali wanaotumia kupima msiba. Na kwa msomaji nina ombi moja: unaposoma hadithi ya mapenzi, yangu au ya mwingine, mtazame mpenzi huyo na umuulize swali la mama yangu. Kafanya nini? Asipokuwa na jibu, kifunge kitabu, mdai mwandishi akupe kingine.

Sura iliyo mbele yangu sasa ni ya ukweni. Masanja anafika na ng'ombe pungufu. Kivuko kimesimama, kazi hana, na baba mkwe ana hoja zote za haki: binti yake atakula nini? Nimeiandika na kuifuta, na sitampa mjomba tajiri. Atajibu kwa alichojenga, na Kabula atasimama mbele ya baba yake na kutaja, kimoja baada ya kingine, vitu ambavyo mtu huyu amevifanya. Vyote tayari vimo katika sura zilizotangulia. Msomaji atakuwa amevishuhudia mwenyewe, na atajua kwamba hasemi uongo.